Zablon Nyarangi na Lori Lililovuta Kushoto

Wapendwa waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa hapa Suna, Migori, na wageni wetu mliotoka Homa Bay, kabla sijasoma tarehe yoyote naomba kila mmoja wenu aichore picha hii akilini: ni siku ya soko mjini Homa Bay, saa nne asubuhi, lori limeegeshwa mbele ya maduka likisubiri kupakiwa, na chini yake inachomoza miguu miwili yenye viatu vilivyong'arishwa, ni miguu ya mtu mzima, fundi cherehani, amelala chali juu ya gunia, mkononi ana tepu ileile anayopimia viuno vya wateja, anapima kutoka gurudumu la mbele hadi gurudumu la nyuma, na pembeni wamesimama watu kama kumi na wawili wanacheka. Mkishamwona mtu huyo, wageukieni hao kumi na wawili muwatazame vizuri nyuso, kwa sababu baadhi yao wameketi hapa leo na wameshika leso.

Mimi ni dada yake, Mwalimu Damaris, nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nitasoma polepole, na nikiona somo halijaingia nitarudia bila kukasirika. Kamati ya mazishi ilinipa historia iliyokwisha kupigwa chapa, ukurasa mmoja, inayosema kwamba marehemu alikuwa mshonaji mnyenyekevu aliyependa michezo midogomidogo, nami nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha daftari la mtoto, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa nikaitia vema, mengine nimeyaandika upya.

Marehemu Zablon Nyarangi Bogonko alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika boma hili hili, wakati Migori na Homa Bay bado ni wilaya moja ya South Nyanza, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa hayati Mzee Bogonko, aliyehamia hapa kutoka Kisii na baiskeli ya kuchuuzia chumvi, na hayati Mama Mong'ina. Mtoto wa pili ni mimi ninayesoma, na wa kwanza ni kaka yetu Bichage, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ndiye aliyenunua jeneza, jeneza ni zuri, tumeliona, na kwa kuwa ametuambia mara tatu tangu asubuhi lilikotoka, sidhani yupo ambaye bado hajui.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza darasa la saba Novemba 1966, akiwa dhaifu katika insha na wa kwanza katika hesabu za maumbo, na hakuendelea na sekondari kwa sababu karo ya nyumbani ilitosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa kifungua mimba. Nimesikia ikisemwa hapa kijijini kwamba Nyarangi hakupenda shule. Si kweli, na waliosema hivyo walijua si kweli walipokuwa wakisema.

Mwezi wa Januari 1968 alikwenda Kendu Bay kujifunza kushona kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, akakaa naye miaka saba, na jambo kubwa alilojifunza huko ni kupima pande zote mbili, bega hili na bega lile, mguu huu na mguu ule, kwa sababu mzee yule alimfundisha kwamba mwili wa mtu hauna pande mbili zilizo sawa, na fundi anayepima upande mmoja na kukisia wa pili anamvika mteja uongo. Mwaka 1975 alihamia Homa Bay, akafungua kazi yake mwenyewe kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa anashona sare za shule na suti za arusi, na kati yenu mlio hapa mbele nimehesabu suti tano alizozishona yeye, zote zimekaa vizuri mabegani, hata kwa wale ambao mabega yao hayakustahili kazi hiyo.

Tarehe 18 Desemba 1977 alifunga ndoa na Risper Mokeira, gauni la arusi alilishona mwenyewe kwa siku tisa, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Dorah aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1979, na Mellen aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1983, wote wawili wapo hapa pamoja na mama yao.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kamati iliruka miaka tisa. Mwezi wa Aprili 1990 cherehani ya marehemu iliharibika, akangoja kipuri kutoka Kisumu kwa siku kumi na moja, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akaukata kwa mkasi wa zamani, akaunyoosha kwa pasi ya makaa, akatengeneza lori lenye urefu wa kiganja na nusu, magurudumu yakiwa ni bobini za uzi wa cherehani na taa zikiwa ni vifungo vya shati, na kipuri kilipofika alishindwa kushona kwa siku mbili zaidi kwa sababu bobini zote zilikuwa zimekwisha kuwa magurudumu. Tangu hapo hakuacha. Kila gari alilijenga kwa kipimo kimoja, inchi moja kwa kila futi mbili za gari la kweli, matairi akiyakata kutoka ndara zilizochakaa, turubai ni kaki iliyobaki kwenye kaptula za wanafunzi, likiwa na pindo la kushonwa kwa mkono, na rangi ni ile ya kucha, aliyoinunua kwa wachuuzi chupa baada ya chupa, mpaka wanawake wa sokoni wakaanza kuulizana anampaka nani.

Ndipo vicheko vilipoanza, na mimi nilivisikia kwa masikio yangu. "Fundi, leo unaishonea lori suruali ama kaptula?" mmoja angeuliza, naye kutoka kule chini ya lori angejibu, "Suruali, mama. Kaptula itaonyesha magoti, na magoti yake yamekaa vibaya." Mwingine angesema, "Huyo bibi yake anavumilia, mzee mzima anacheza na mikebe," naye fundi angeendelea kupima. Nami sijitoi katika hesabu hiyo, kwa maana mwaka 1992 nilimwambia aache mambo hayo, nikitumia sauti ileile ninayomwambia mtoto atoe kidole puani, naye akanijibu kwa upole, "Dada, ukutani mwa darasa lako kuna Kenya nzima kwenye karatasi, mbona ile huicheki?" Kila nilipoingia darasani baada ya siku hiyo niliitazama ramani ile kwa aibu kidogo.

Alipomaliza kujenga gari kama lilivyo, mara nyingi alilijenga tena kama linavyopaswa kuwa, na hapo ndipo palipokuwa na raha yake: lori la samaki la Kisegi, kule ufukweni mwa ziwa, alilitia sanduku la barafu lenye mlango wa ubavuni, ili mtu asipande juu ya samaki kwenda kutoa samaki, na pikapu ya kubebea akina mama wa sokoni aliitia ngazi ya nyuma, ili mwanamke mwenye mtoto mgongoni asivutwe mikono kama gunia. Madereva na wenye magari walikuja barazani kutazama, wakacheka sana, wakaenda zao, na baada ya miezi michache ungeiona ngazi ileile kwenye pikapu ya kweli, mwenye gari akieleza kwamba wazo lilimjia akiwa kanisani.

Mwezi wa Machi 1996 kaka yetu Bichage alinunua lori kuukuu la kubebea mahindi na omena, wale dagaa wa ziwani, kati ya Kisegi na Migori, akaliona ni fupi, akampa fundi wa kuchomelea mageti alikate chasisi, yaani ule uti wa chuma unaobeba lori zima, na kuongeza kipande katikati ili libebe zaidi. Fundi yule alikuwa hodari wa mageti, hilo halina ubishi, tatizo ni kwamba geti halisafiri.

Dereva wa lori hilo alikuwa Kerosi, ambaye wengi mnamfahamu, na wasiomfahamu wanaweza kumwona kwenye benchi ya mwisho karibu na ua wa jikoni, yule mwenye magongo mawili, aliyeambiwa asubuhi na watu wa kamati kwamba hemani hakuna nafasi. Kati ya Juni na Agosti 1996 Kerosi alipeleka shati moja kwa marehemu mara tatu, na kila mara ni mshono uleule, wa kwapa la kulia, umefumuka. "Fundi, hii shati unashona na uzi wa buibui?" alimuuliza mara ya tatu. Marehemu akamwambia, "Uzi ni ule nashonea kila mtu. Wewe niambie, mkono huo unaufanyisha kazi gani?" Kerosi akajibu, "Kazi gani tena, naendesha tu, lakini hii gari ni mbishi, inataka kwenda kwa mwenyewe." Wote wawili wakacheka, na kisha marehemu akaacha kucheka.

Tarehe 11 Septemba 1996, siku ya Jumatano, lori lile lilipopita Homa Bay, marehemu alilala chini yake akalipima pande zote mbili kama alivyofundishwa Kendu Bay, akaandika vipimo katika daftari lake la wateja, akarudi kwenye meza yake na kuanza kulijenga. Lilipokamilika aliliweka juu ya kioo cha dirisha alichokuwa amekilaza mezani, akalisukuma kwa kidole, nalo likaenda kushoto. Akalisukuma tena, likaenda kushoto. Alidhani mkono wake umekosea, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, kosa likionekana alianza kulitafuta kwake, akalifumua lori zima, akalijenga upya, likaenda kushoto, akalifumua mara ya pili, akakata bati jipya, likaenda kushoto vilevile. Ndipo aliporudi kwenye daftari na kusoma alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia futi kumi na nne na inchi sita na nusu, upande wa kushoto futi kumi na nne na inchi tano. Tarehe 2 Oktoba alingoja lori lile tangu alfajiri, akalipima tena mara tatu, vipimo havikubadilika. Lori dogo halikuwa na kosa lolote, lilikuwa likisema ukweli juu ya lori kubwa, na sasa alielewa pia kwa nini shati la Kerosi lilifumuka upande mmoja, mtu yule alishinda siku nzima akivuta usukani kulia ili lori lisimwingize mtaroni.

Naomba niirudie sehemu hii, kwa ajili ya wale waliokuwa wakinong'ona: upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa inchi moja na nusu, na marehemu alilijua jambo hilo siku arobaini na tisa kabla ya ajali.

Jumapili ya tarehe 6 Oktoba 1996 alipanda gari kutoka Homa Bay na lori lake dogo ndani ya mfuko wa kitambaa, akafika kwa kaka yetu wakati wa chakula cha mchana, wageni wakiwepo, nami nikiwepo, akaliweka mezani kati ya ugali na kuku. "Kaka," alisema, "ile chasisi imekatwa vibaya. Kushoto ni fupi. Nimepima mara nne. Usiipeleke barabarani na mzigo kabla hujaifungua." Kaka yetu aliyekuwa akila mguu wa kuku aliutumia mguu huo kulisukuma lori, likaenda kushoto mpaka likagonga bakuli la mchuzi, wageni wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. "Mdogo wangu," alimwambia, "wewe shona. Lori si kanzu. Ikiwa nataka gari ya mkebe nitakuja kwako, ikiwa nataka gari ya kweli nitaenda kwa wanaume." Marehemu alilifuta mchuzi lori lake kwa kitambaa cha mfukoni, akalirudisha mfukoni, akaniaga, akawaaga wageni kila mmoja kwa jina lake, akaondoka bila kula.

Siku ya Jumatano tarehe 20 Novemba 1996, saa nane mchana, lori lile likitoka Kisegi na mzigo kamili liliuacha mkono wa Kerosi kwenye mteremko, likaingia mtaroni upande wa kushoto na kulala, na Kerosi akapoteza mguu wake wa kushoto chini ya goti. Kabla jua halijazama ilikuwa imekwisha kusemwa hapa Migori kwamba dereva alikuwa amelewa chang'aa, na aliyesema kwanza ni kaka yetu Bichage, kwamba harufu ilisikika, na yeye aliisikia harufu hiyo akiwa dukani kwake, mahali ambapo basi kutoka kwenye mteremko ule linachukua saa mbili na nusu kufika. Pua ya namna hiyo ningependa kuionyesha darasa langu. Lori lenyewe lilikatwa vipandevipande na kuuzwa kama chuma chakavu kabla mwezi haujaisha, na hakuna aliyeuliza haraka hiyo ilikuwa ya nini.

Mnafahamu kwamba kanisa letu halivumilii ulevi, na mnafahamu kwamba jina la Kerosi lilifutwa katika orodha ya washiriki akiwa bado kitandani hospitalini, jina la mtu ambaye hajaonja hata busaa maishani mwake, na mnafahamu kwamba tangu wakati huo hakuna aliyemkabidhi ufunguo wa kitu chochote, hata wa kibanda cha kuku. Jumapili ya tarehe 19 Januari 1997 marehemu alikwenda mbele ya baraza la kanisa na lori lake dogo, kioo chake cha dirisha na daftari lake, akaomba dakika tano. Mzee Mirumbe, aliyeongoza baraza siku ile na ambaye nafurahi kumwona hapa kwenye kiti cha mbele, alimwambia, "Ndugu Zablon, hii ni baraza ya kanisa, si chekechea. Toa hiyo mkebe mezani tuendelee na kazi ya Bwana." Marehemu akajaribu kuwasomea vipimo, wakamkatiza, akajaribu tena, wakaanza kuomba sala ya kufunga. Neno chekechea Mzee Mirumbe alilitamka kama tusi, kwa hiyo nimwambie kwa upole kwamba katika chekechea mtoto huruhusiwa kumaliza sentensi yake, na anayemkatiza mwenzake huwekwa pembeni, akiutazama ukuta, mpaka atulie.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi wa Februari 1998, akatibiwa hospitalini Homa Bay, na tarehe 9 Juni mwaka huo akapigwa picha ya mapafu, akaambiwa ugonjwa umekwenda mbali. Aliacha kushona mwezi wa Oktoba, cherehani ikarudishwa hapa nyumbani pamoja naye, lakini magari hakuyaacha, na kazi yake ya mwisho, iliyomchukua kuanzia Machi hadi Julai mwaka huu kwa sababu aliweza kufanya kazi nusu saa tu kwa siku, ilikuwa kujenga lori lile la Bichage kwa mara nyingine, ila safari hii kama lilivyopaswa kuwa, pande zote mbili futi kumi na nne na inchi sita na nusu, na kioo chake cha mbele alikikata kutoka kwenye ile picha ya mapafu yake mwenyewe, hata leo ukichungulia ndani ya lori hilo unaona ubavu mmoja mweupe unapita mbele ya usukani. Alipolimaliza aliliweka juu ya kioo cha dirisha, akalisukuma, likaenda moja kwa moja hadi mwisho wa meza, Risper akalidaka.

Tarehe 30 Agosti aliniita, akaniambia maneno ninayoyasoma kama alivyoyasema. "Dada, mimi nimekatizwa kwa kaka, nimekatizwa kanisani, sokoni ndiyo usiseme. Lakini hapa kwetu hakuna mtu anakatiza historia ya marehemu. Hata adui anakaa mpaka iishe. Nisomee vipimo vyangu siku hiyo." Nilimwambia asiseme hivyo, atapona, naye akanitazama kama anavyotazama mtu kitambaa kilichokatwa vibaya, bila hasira, akanipa daftari. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Septemba 1999, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ile pale, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Siku ya Alhamisi iliyopita, mwenyekiti wa kamati alitoa amri kwamba godoro la marehemu lichomwe, jambo ambalo ni la busara, na kwamba magari yake yachomwe pamoja nalo, ili wageni wasije wakatuona watu wa ajabu, na kwa hiyo magari thelathini na nane, kazi ya miaka tisa, yaliwekwa juu ya godoro na kutiwa mafuta ya taa, lori la samaki la Kisegi na mlango wake wa ubavuni, pikapu na ngazi yake, yote. Sijui kama kaka yetu aliyahesabu. Mimi nilikuwa nimeyahesabu, na Risper alikuwa ameyahesabu, yalikuwa arobaini. Mawili Risper alikuwa ameyaficha tangu Jumatatu ndani ya kisanduku cha cherehani, ambacho hakuna mwanamume wa boma hili aliyewahi kukifungua, na hayo ndiyo yaliyo juu ya meza hii kando ya jeneza, chini ya kitambaa cheupe ambacho sasa namwomba Dorah akiondoe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa uvumilivu, nawashukuru majirani wa Homa Bay waliokuwa wakimletea uji Risper alipokuwa hospitalini naye, na nawashukuru mafundi wenzake wa barazani, waliofunga cherehani zao leo na kuja kwa miguu yao, na ambao katika miaka yote tisa walimkopesha uzi, mkasi na bobini bila kucheka, wao peke yao. Nawashukuru pia nyote mlioketi kimya mpaka hapa, ingawa najua wengine mmekaa kimya kwa sababu ya desturi tu, desturi ni mwalimu mzuri pale ambapo walimu wengine wameshindwa.

Baada ya sala mtapita mmoja mmoja kumuaga, na njia imepangwa hivi kwamba kabla ya kufika kwenye jeneza kila mtu atapita kwenye meza hii, juu yake kuna kioo cha dirisha, malori mawili na daftari lililofunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe 11 Septemba 1996, maandishi ni yake, tarehe ni yake. Sukuma la kwanza kwa kidole kimoja uone linakokwenda, kisha sukuma la pili, yamejengwa na mikono ileile kwa tepu ileile. Kaka yetu atatangulia, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mzee Mirumbe na wazee wa baraza watafuata, siwaamuru, nawaomba tu kama ninavyowaomba watoto kurudia hesabu waliyoikosa, na wakimaliza, benchi ya mwisho si mbali, na baraza linaweza kukutana hata kesho.

Nyarangi, mdogo wangu, vipimo vyako vimesomwa hadi mwisho wala hakuna aliyekukatiza, lala sasa kwa utulivu. Nanyi mlio hapa, tarehe hizi zote mnaweza kuzisahau mkifika barabarani, sitawauliza, ila naomba mkumbuke jambo moja tu mnapokutana na Kerosi njiani: mshono uliokuwa ukifumuka ulikuwa wa kwapa la kulia.